Mnanunua Ubao, Vishikizi Tunabeba Sisi

Kununua kitu kwa vipande si dhambi. Tuelewane hapo kwanza, asije mtu akasema mimi ni wale wa kulia kila bei. Mtaani tunanunua hivyo kila siku. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unaweza kuuchukua pekee yake, bana ukapewa na binamu aliyehamia nyumba yenye jiko kubwa, griri ukaitafuta siku nyingine. Sufuria ya Gikomba inakuja bila mfuniko na hakuna anayekimbia polisi. Kila mtu anajua mtungi bila bana haupiki ugali. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na bei yenyewe inaonyesha.

Dhambi ni kununua mtungi pekee kisha kumgombeza muuzaji kwa nini chakula hakijaiva. Na hiyo dhambi, jameni, ndiyo inayoendesha kazi ya mtandaoni ambayo mimi na nusu ya watu ninaowajua tunaifanya usiku kwenye bedsita zetu.

Mfano wangu unatoka mbali, kwenye theluji. Nivumilie.

Kuna kifaa kinaitwa splitibodi. Ni snoubodi kama zile unazoona kwenye Olimpiki za baridi, ila hii imepasuliwa katikati kwa urefu, kutoka ncha hadi mkia. Ukiitenganisha unapata vipande viwili vya kuvaa kama ski, kimoja kila mguu, na unapanda mlima kwa nguvu zako, huko kusiko na lifti wala tikiti. Ukifika juu unaviunganisha, vinakuwa ubao mmoja, unateremka. Kifaa hiki kilianza kuchukua sura mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Utah, Marekani, kwa kazi ya jamaa anaitwa Brett Kobernik na kampuni ya Voilé. Voilé hata waliuza seti ya vyuma vya kumwezesha mtu kuchukua msumeno na kupasua ubao wake mwenyewe nyumbani. Jua kali kabisa, ila kwenye baridi.

Sasa, ubao ni mwanzo tu. Unahitaji vishikizi vya kushika buti zako, na si vile vya snoubodi ya kawaida, kwa sababu hivi lazima vihame kutoka mkao wa kupanda hadi mkao wa kuteremka. Unahitaji vikalio vya plastiki vinavyofungwa kwenye ubao ili vishikizi vipate pa kuteleza na kukaa, mabano ya mbele ya kupandia, kiinua kisigino cha kukuokoa misuli kwenye mwinuko mkali, na ndoano za kubana vile vipande viwili visiachane ukiwa kasi. Halafu unahitaji ngozi. Ngozi ni mikanda mirefu unayoibandika kwa gundi chini ya kila kipande. Manyoya yake yanalala upande mmoja, kwa hivyo ukisukuma mbele inateleza, ukirudi nyuma inakataa. Zamani zilikuwa ngozi za sili kweli. Siku hizi ni nailoni au moheri, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, na nchi inayoongoza duniani kwa moheri ni Afrika Kusini. Kwa hivyo usidhani bara letu halimo mlimani. Limo, chini ya miguu ya mtu, limebandikwa kwa gundi.

Wanaopenda mchezo huu hubishana sana kama ni heri kununua seti nzima au ubao pekee, na wale wa ubao pekee wana hoja nzuri. Vishikizi hudumu kuliko ubao. Ukibadilisha ubao, si lazima uvitupe. Matundu ya skrubu kwenye mbao nyingi yamefuata mpangilio wa Voilé, kwa hivyo vishikizi vya Spark R&D vinaweza kukaa kwenye ubao wa kampuni nyingine. Ukipenda Karakoram, wao wana mfumo wao wenyewe, na hapo lazima ununue na vyuma vyao. Ngozi nazo unaweza kukata mwenyewe zifuate umbo la ubao, ukiacha kingo za chuma wazi pande zote, maana bila zile kingo kuuma barafu unaserereka kama ndizi. Anayenunua kando anachagua kila kitu kulingana na mguu wake, uzito wake na mlima wake.

Lakini angalia jambo moja. Katika mabishano hayo yote, hakuna hata mtu mmoja anayesema ubao unatosha. Anayenunua ubao wa dola 700 anajua bado ana vishikizi vya kulipia, na ngozi, na vyuma, na juu ya hayo redio ndogo ya kutafutana mtu akifukiwa, fimbo ndefu ya kupimia kina, na beleshi. Seti yake itapita dola 1,500 bila shida. Anaandika hesabu yote kwenye karatasi kabla ya kutoa kadi. Kutenganisha ni njia ya kulipa. Hakuna anayekuita njia ya kutolipa.

Haya nayajuaje? Theluji sijawahi kuigusa. Barafu ninayoijua ni ile ya friza ya duka la samaki hapa Githurai. Nayajua kwa sababu nimeyaandika. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma kutoka, na tangu hapo nimeishi kwa kuandikia watu wa mbali makala juu ya vitu wanavyonunua: mashine za kukata nyasi, magodoro, chakula cha mbwa wenye mzio, na ndiyo, splitibodi. Oda ya mwisho ya splitibodi ilikuwa swali hilihili: ununue ubao kando na vishikizi, ngozi na vyuma, au seti? Maneno 1,800. Dedilaini saa 12. Maelekezo yalisema niandike kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu wa miaka 10 mlimani. Makala yalipotoka yalikuwa na jina la mzungu fulani na picha ya ndevu zake. Nina shaka kama huyo mtu alizaliwa.

Philip Boit wa Eldoret alienda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 kushindana ski, akamaliza nambari 92, wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Watu walicheka, wengine wakalia. Lakini Boit angalau alipelekwa Finland kujifunza kabla ya kusukumwa kwenye theluji. Sisi tunapewa viungo vya tovuti tatu na tunaambiwa tusikopi.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana bila hesabu haya ni malalamiko tu. Senti moja ya dola kwa neno, maneno 1,800, hiyo ni dola 18. Akaunti si yangu. Nimekodisha, kama wengi wetu, na mwenyewe anachukua thuluthi. Nabaki na dola 12, kama shilingi 1,500. Kutafuta habari, kuandika na kurekebisha mara mbili ni saa kumi. Hiyo ni shilingi 150 kwa saa. Toa bando. Toa tokeni za stima. Toa makato ya kutuma pesa. Toa kompyuta ambayo betri yake imekufa, kwa hivyo stima ikipotea na kazi inapotea. Ili kununua ule ubao wa dola 700 ninaowashauri watu waununue, ningehitaji kuandika makala 59 bila kula, bila kulipa nyumba na bila kupanda mat. Na bado singekuwa na vishikizi.

Hapo ndipo mfano wangu unapouma. Mteja alinunua ubao. Maneno 1,800, basi. Lakini makala hayapandi mlima kwa maneno peke yake. Kuna intaneti, stima, meza, macho, saa tano za kusoma ili ujue tofauti ya nailoni na moheri, usiku usiolala, daktari wa mgongo. Hivyo ndivyo vishikizi, ngozi na vyuma vya kazi yangu. Bila hivyo, neno haliandikwi. Mteja anajua, kwa sababu kwake huko, angemwajiri mtu ofisini, angevilipia vyote. Kwangu ameviondoa kwenye risiti, lakini hajaviondoa kwenye kazi. Ananunua ubao kwa bei ya ubao na anatarajia kuteremka mlima.

Kuna waliozoea kutujibu. Wa kwanza husema: shukuru una kazi, wengine hawana. Huyu simpingi kwa hasira, maana mara nyingi ni mamangu. Lakini wazazi wetu walifunzwa kushukuru na watu ambao hawakuwahi kuwashukuru wao. Mtu anaweza kushukuru na kuhesabu kwa wakati mmoja. Mama mboga humshukuru mteja na bado humrudishia chenji sahihi, hapunguzi wala haongezi.

Wa pili husema: wewe ni bosi wako mwenyewe, unaamka saa unayotaka. Huyu ana hoja, nami sitaki kumpuuza. Wako waandishi wanaopenda kweli kuuza ubao pekee. Wanachagua wateja, wanakataa kazi, wanapanga bei yao. Sawa. Ila bosi wa kweli huweka bei akijua gharama zake zote. Mwenye duka la splitibodi hauzi ubao kwa hasara akasema yeye ni mtu huru. Uhuru wa kuchagua saa ya kuamka, ukiwa huna uhuru wa kutaja bei, ni uhuru wa kuku wa kienyeji: anazurura boma lote mchana, na Krismasi haulizwi.

Wa tatu ndiye wa kisasa. Anasema: nyamaza, mashine inaandika hayo maneno bure, utafutwa kesho. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 nimeona oda zikipungua kwa macho yangu, sihitaji kuhubiriwa. Lakini angalia mashine imekuja kuchukua nini. Imechukua kile ambacho wateja walikuwa wakinunua: maneno matupu, yasiyo na mtu aliyekanyaga mlima. Miaka mingi walikataa kulipia ujuzi, wakalipia herufi. Sasa wamepata mtu wa herufi aliye rahisi kuliko sisi. Na bado wanatutumia kazi tupitie maandishi ya mashine, kwa nusu ya ile senti, halafu wanayapitisha kwenye programu ya kukagua na kutushtaki kwamba sisi ndio mashine. Rahisi huvunja upishi, walisema waliotutangulia, na huu upishi umevunjika.

Usidhani anayeumia ni mwandishi wa Githurai peke yake. Mwisho wa uzi huu kuna mtu Colorado au milima ya Alps anayesoma yale makala usiku kabla ya kununua. Ngozi ikiwa nyembamba kuliko ubao, haishiki kwenye mwinuko. Gundi ikilowa na kuganda, ngozi inabanduka katikati ya njia. Kikalio kikiwa cha mfumo mmoja na kishikizi cha mwingine, unagundua juu ya mlima kwamba ubao wako hauunganiki, na jua linazama. Huko maporomoko ya theluji yanaua watu kila msimu. Huyo msomaji anaamini anaongea na mtu wa ndevu mwenye miaka 10 mlimani. Anaongea na mimi, saa tisa usiku, na bando imebaki MB 80. Kwa hivyo yeye pia ameuziwa ubao mtupu: maneno yamefika, ujuzi haukufungwa kwenye kifurushi. Aliyefaidika ni yule wa katikati, anayepata kamisheni kila mtu akibonyeza kununua.

Na serikali yetu iko wapi? Iko jukwaani. Programu ya Ajira Digital ilianzishwa 2016, na tangu hapo vijana wamefunzwa kufungua akaunti, kuandika wasifu, kutafuta oda. Sipingi mafunzo, wako niliojifunza nao. Lakini kumfunza mtu kupata mteja bila kumfunza, na kumlinda, kudai bei ya kazi nzima, ni kumpa kijana ubao na kumwelekeza mlimani. Ilipofika kuhesabu mapato, hapo tulionekana vizuri: Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali, baada ya pendekezo la kwanza la asilimia 15 kupigiwa kelele. Macho ya kuona pesa yapo. Macho ya kuona mgongo hayapo.

Wakati huo, kwa mtu aliyeajiriwa, nchi hii ilishaandika kwenye sheria kwamba kazi ni seti nzima. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Inamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au marupurupu ya nyumba. Kwenye NSSF, mwajiri anaongeza kiasi kilekile anachokatwa mfanyakazi. Maana yake, babu zetu wa vyama vya wafanyakazi walikwisha kushinda ubishi huu: ukinunua mikono ya mtu, umenunua na pahali pa kulala, na ugonjwa wake, na uzee wake. Neno moja tu, "mkandarasi", ndilo limetumika kufungua skrubu zote na kuturudishia vyuma mkononi.

Kuna waliokataa, na walikuwa hapa Nairobi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja picha na video za kutisha za Facebook kupitia kampuni ya Sama, alifungua kesi dhidi ya Sama na Meta. Hoja ya Meta ilikuwa rahisi: sisi hatuko Kenya, hatufanyi biashara huko. Kwa maneno ya makala haya: tulinunua ubao, mambo ya vishikizi muulizeni mwenye duka. Januari 2023 jarida la TIME likaeleza jinsi Wakenya waliosaidia kusafisha maandishi ya kufunzia ChatGPT walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mei mosi mwaka huohuo, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa hapahapa. Kesi si malipo, najua. Lakini hapo mtu mkubwa aliambiwa na mahakama ya Kenya kwamba risiti ya ubao haimalizi maneno.

Sisi waandishi bado tumelala. Tunaringiana kwenye makundi ya WhatsApp nani anamaliza maneno 5,000 kwa siku. Oda ikija ya senti moja na mmoja akikataa, watatu wameshaandika "nipo". Simlaumu mwenye njaa. Namlaumu anayefundisha njaa kuwa ni bidii.

Kwa hivyo tunachotaka si huruma, ni hesabu. Mteja akisema ananunua maneno tu, tumuulize kama yuko tayari kupokea maneno tu: bila utafiti, bila marekebisho, bila picha, bila dedilaini ya usiku. Kila kimoja kina bei yake, kama dukani. Utafiti ulipwe kwa saa. Marekebisho ya kwanza yawe ndani ya bei, ya pili yalipiwe. Kazi ikifutwa katikati, sehemu ilipwe. Jina la aliyeandika liwekwe, au kukosekana kwake kulipiwe. Na anayetaka makala ya mtu aliyepanda mlima, amtafute aliyepanda mlima, au agharamie mwandishi kuongea naye. Kwa serikali: mkandarasi anayepata karibu riziki yake yote kwa mteja mmoja atambuliwe kisheria kama mfanyakazi, na kampuni za mtandaoni zinazopokea kazi zetu zichangie bima na uzeeni kama mwajiri yeyote wa Industrial Area.

Na kwako wewe unayeandika usiku huu: chukua karatasi kabla ya kubonyeza kukubali. Andika bando, tokeni, saa za kusoma, chakula, kodi ya nyumba iliyogawanywa kwa siku. Jumlisha. Hiyo ndiyo seti. Kisha angalia anachotoa. Kama kinatosha ubao peke yake, mwambie ubao peke yake ni wa kutundika ukutani.